Shahidi Mwenye Kura Mbili

Mimi nauza vyuma vikuukuu mbele ya geti la kiwanda cha mafuta ya kula. Valvu, mota, nyaya, geji za presha, kila kitu ambacho kiwanda kimekitapika nami nikakiokota. Katika kazi hii mtu humjui kwa maneno yake, unamjua kwa namna anavyoshika kitu kilichotumika. Mnunuzi wa kawaida hutazama sura: kioo hakijapasuka, rangi haijachubuka, basi anauliza bei. Mjanja hugonga kwa kucha aone kama mshale unacheza. Fundi ninayemzungumzia hapa hakufanya hivyo wala hivi. Aliipindua geji kichwa chini, akachungulia lile tundu ambamo presha huingilia, akapuliza kwa mdomo wake mwenyewe, kisha akanirudishia.

"Tajiri, hii imekufa. Mshale umesimama pazuri tu, kama maiti aliyevishwa suti."

Aliyasema hayo mbele ya mteja wangu, na mteja akaondoka. Huo ndio mwanzo wa kufahamiana kwetu. Sikumpenda. Lakini mtu anayekuharibia biashara kwa kusema kweli unaweza kumtumia, kwa hiyo nikamwambia awe anapita mapema, kabla wateja hawajaja, anichagulie vizima na vibovu. Alipita karibu kila asubuhi kwa miaka kumi na minne, na hakuwahi kuniomba ujira zaidi ya kiti cha kukalia.

Kiwandani walimwita Mshale. Alikuwa mwembamba hivyo, na macho yake muda wote yalikuwa kwenye mishale ya vipimo. Aliingia pale akiwa mfagiaji. Chumba cha udhibiti, kile chenye paneli za taa na swichi, kilikuwa zamu yake kukifagia, na mafundi wa enzi hizo walikuwa wavivu wa kuinama, kwa hiyo walimtuma: shika hapa, kaza pale, niambie mshale unasoma ngapi. Akajifunza kwa kuinama. Walipokuja kustaafu, kampuni ikakuta kwamba mtu pekee anayejua waya upi unakwenda wapi ni mfagiaji. Wakampa ovaroli la bluu na cheo. Mshahara ulipanda kwa aibu aibu.

Wazazi wake walitangulia mapema, naye akabaki na mdogo wake wa kike. Alimlea, akamsomesha mpaka akawa fundi cherehani mwenye wateja wake, akamwoza kwa mwendesha boila wa kiwanda hichohicho. Jamaa huyo alikuwa pande la mtu, mcheshi, sauti kama honi. Wakikutana getini ilikuwa sinema ya bure.

"Shemeji, leo upepo ni mkali. Shika mlingoti usije ukapeperushwa."

"Wewe sema tu. Hayo mashavu ni jasho la mdogo wangu."

"Jasho lake nalipa kwa upendo."

"Upendo haununui unga, mnene wewe."

Kisha wanaingia ndani, mmoja kwenye boila, mwingine kwenye karakana yake ya vipimo, na siku inaanza.

Sasa, ili ueleweke msiba wenyewe, lazima nieleze hiyo boila, na nitaeleza kama nilivyoelezwa mimi nisiyesomea. Boila ni sufuria kubwa lililofungwa. Chini moto, ndani maji, juu mvuke, na huo mvuke ndio unaoendesha kiwanda kizima. Maji yakipungua huku moto unawaka, mabomba ya ndani yanaungua kama sufuria lililosahauliwa jikoni, tofauti ni kwamba sufuria la jikoni halipasuki. Kwa hiyo wenye akili zao waliweka vipimio vitatu vya kupima kina cha maji. Kimoja kikisema maji yameisha, kengele inalia tu, maana kimoja kinaweza kuwa mwongo. Viwili vikikubaliana, moto unakatika wenyewe, pasipo kumwuliza mtu. Mashahidi watatu, na hukumu ni ya wawili. Hata mimi niliona hiyo ni busara.

Kipimio cha pili kikafa. Kilikufa kifo cha kawaida, unyevu uliingia kwenye ubongo wake wa elektroniki. Paneli ilipogundua kwamba shahidi mmoja hayupo ikawasha taa nyekundu, tena ikawa na woga: ilimhesabu yule aliyekufa kuwa amekwisha sema "zima." Hivyo kimoja tu kati ya viwili vilivyobaki kikitikisika kidogo, moto unakatika. Ukikatika, kiwanda kizima kinasimama kwa muda wa saa tatu. Mara ya kwanza meneja wa uzalishaji alikuja mwenyewe chumba cha udhibiti. Mara ya pili alikuja akipiga kelele.

Mshale akafanya jambo ambalo fundi asiye hodari asingeliweza. Alichukua ishara ya kipimio cha kwanza, akaipitisha kwa kipande cha waya kisichozidi shubiri, ikaingia pia mahali pa kipimio cha pili. Paneli ikaona mashahidi watatu wazima. Taa nyekundu ikawa ya kijani. Kwa kweli walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa akitoa ushahidi mara mbili.

"Ni ya wiki moja," aliniambia, amekaa kwenye kiti chake, akipuliza geji. "Mpaka wanunue kingine."

"Wamekubali kununua?"

"Nimejaza fomu."

Nilicheka. Nilimwuliza, "Umewahi kumwona mtu akinunua koti ilhali amevaa koti?"

Hakunielewa siku hiyo. Alinielewa miezi miwili baadaye, fomu iliporudi kutoka kwa mnunuzi wa kampuni imeandikwa kwa kalamu nyekundu: Kifaa kipo na kinafanya kazi. Akamfuata mnunuzi ofisini. Yule alikuwa mtu wa mzaha, akamshika mkono, akampeleka mpaka mbele ya paneli.

"Ile taa ni ya kijani, au macho yangu yanahitaji miwani?"

"Ni ya kijani, lakini..."

"Lakini nini, kaka? Mimi hununua badala ya vitu vilivyokufa. Nikianza kununua badala ya vilivyo hai nitaitwa mwizi."

Mshale angeweza kusema palepale: ile taa ni uongo wangu. Hakusema. Waendeshaji wawili walikuwa wamekaa wanasikiliza, na mmoja wao alikuwa shemeji yake. Sheria inasema swichi ya usalama haiguswi pasipo karatasi yenye saini tatu, naye hakuwa na hata moja. Akaona haya. Haya si jambo dogo kwa mtu aliyeanza na fagio.

Mimi ningekuwa yeye ningeiacha ile taa nyekundu toka siku ya kwanza. Kiwanda kingesimama, kingesimama tena, na mara ya nne meneja mwenyewe angetoka mbio kukitafuta kifaa. Ukiuficha uhitaji wako hakuna atakayekutimizia. Hilo kila muuza nyanya analijua. Lakini watu wa ufundi wana ugonjwa wao: wakiona kitu kibovu lazima kiende. Sifa yao iko hapo, na watu wanaowalipa wanajua iko hapo.

Kulikuwa na shida nyingine, na hii ndiyo iliyomkosesha usingizi. Kila kipimio kinaonja maji kupitia kibomba chembamba. Kibomba huziba kwa chokaa ya maji, kwa hiyo kila mwezi fundi hukifungua na kukisukuma kwa nguvu kitoe uchafu. Kwa dakika chache kipimio kinasoma upuuzi, lakini si neno, maana ni kimoja tu, viwili vingine vimeshikilia. Sasa kipimio cha kwanza kilikuwa na kura mbili. Ukikigusa, kura mbili zinayumba kwa pamoja, moto unakatika. Hivyo cha tatu alikisafisha kila mwezi, na cha kwanza hakuweza kukisafisha mpaka boila izimwe. Akawa anaomba.

"Bosi, naomba saa moja Jumapili, tuzime."

"Jumapili kuna oda."

"Basi Jumapili ijayo."

"Ijayo nayo kuna oda. Mshale, wewe ni fundi au ni padri? Mbona Jumapili Jumapili?"

Mwaka ukapita hivyo. Nilimwona akipungua mwili, na alikuwa hana wa kupungua. Asubuhi moja alikuja hakushika geji hata moja. Nilimwuliza kuna nini.

"Yule aliyekaa mbele ya ile boila ni mume wa mdogo wangu, tajiri."

"Najua. Umemwambia habari ya waya?"

"Nitamwambia nikishapata kifaa."

"Ukishapata kifaa utamwambia cha nini?"

Akasema watu wa boila midomo yao haina mlango, kwamba akijua mmoja watajua wote, na jioni yake atakuwa nje ya geti bila ovaroli. Aliongeza kwamba shemeji yake akijua hatakaa mbele ya boila hiyo hata dakika, naye ana mabinti wawili na nyumba ya kampuni. Alikuwa amekwisha kuyapiga mahesabu yote. Sikumjibu kitu. Si kwamba sikuwa na la kusema, mteja alikuja.

Hata hivyo alijaribu. Sitaki isemwe kwamba hakujaribu. Wiki iliyofuata, Jumatatu, alikwenda peke yake akautoa ule waya. Taa ikawa nyekundu. Kufika Alhamisi kiwanda kilikuwa kimesimama mara tatu. Simu ya karakana ikalia, meneja.

"Mshale, umegusa nini mle ndani?"

"Nimerudisha ukweli, bosi. Kipimio cha pili ni kibovu tangu mwaka jana."

"Mwaka jana mzima kiwanda kilikwenda. Leo ukweli wako umenizimia mara tatu. Rudisha ilivyokuwa."

"Basi naomba uniandikie, bosi. Mstari mmoja tu."

"Nikuandikie nini, barua ya mapenzi? Rudisha!"

Simu ikakatwa. Akarudisha. Alinieleza baadaye kwamba mikono yake iliufunga ule waya vizuri kuliko mara ya kwanza, skrubu zimekaza, hakuna nywele ya shaba iliyochomoza. Alilisema hilo kama mtu anayekiri dhambi kubwa kuliko ile ya kwanza.

Ilichukua miezi minne. Asubuhi ya saa nne hivi, pampu inayolisha boila maji ilianza kuvuta hewa. Maji yakashuka. Kipimio cha tatu, kile kilichosafishwa kila mwezi, kikaona, kikasema, kengele ikalia. Kipimio cha kwanza kibomba chake kilikuwa kimeziba zamani, Mungu ndiye anayejua tangu lini. Kikabaki kinaonyesha nusu, pazuri kabisa, na kikasema hivyo mara mbili. Wawili dhidi ya mmoja. Moto ukaendelea.

Shemeji mtu alitazama paneli. Kitabu cha kazi kinasema vipimio vikigombana, mwendeshaji aende akatazame kwa macho yake kioo cha maji kilichoko ubavuni mwa boila, juu, baada ya ngazi ya chuma ya vidato kumi na viwili. Kulikuwa na kitufe cha kuzima kwa mkono. Lakini mwendeshaji aliyezima kwa mkono mwezi uliopita kwa sababu ya kengele ya uongo alipelekwa kupakia madumu, na kila mtu alijua. Tena ni wawili dhidi ya mmoja, na vipimio hivyo vinatunzwa na shemeji yake ambaye hajapata kuona fundi mwangalifu kama yeye. Alimwambia mwenzake wa zamu, kwa ile sauti yake ya honi, "Hivi vidude vya shemeji leo vimenuniana. Ngoja nikavipatanishe." Akapanda ngazi.

Mvivu angebaki kwenye kiti. Mvivu angekuwa hai.

Mshale alikuwa upande wa pili wa kiwanda, kwenye matangi. Alisikia kengele, akaitambua ni ya kipimio gani, akaanza kukimbia. Alipotokea kwenye uwazi wa boila alimwona mtu ngazini, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine umekinga macho ili aone kioo. Akapiga kelele ashuke. Kwenye nyumba ya boila huwezi kumsikia mtu aliyeko hatua tatu. Mabomba yakapasuka.

Mimi nilisikia nikiwa dukani, na bati zangu zikatikisika. Baada ya hapo mvuke uliendelea kulia kwa dakika nyingi. Walimtoa akiwa anapumua. Jioni haikumkuta.

Sitaeleza mazishi. Nilikwenda, nikatoa nilichotoa, nikarudi.

Siku ya pili baada ya mazishi meneja alimwita Mshale pembeni, nyuma ya stoo, wala hakupiga kelele. Tume ilikuwa inakuja kutoka makao makuu kuchunguza. Paneli ilikuwa nzima, haikuungua. Meneja akasema, "Ingia mle usafishe." Akarudia, "Safisha. Paneli ni chafu." Akaondoka.

Mshale alitoka geti akaja moja kwa moja kwangu. Alikaa, akaweka mikono juu ya magoti. Nilifunga mlango nusu, jambo ambalo silifanyi mchana.

"Nikiutoa ule waya," alisema, "mimi niko salama. Rekodi itaonyesha vipimio viwili vilisema maji yapo, kimoja hakuna, na mwendeshaji hakubonyeza kitufe. Wataandika uzembe."

"Wakiandika uzembe?"

"Mdogo wangu hapati stahili yoyote. Nyumba anaihama ndani ya mwezi. Na hao watoto watakua wakiambiwa baba yao alilipua boila kwa uvivu." Akafuta uso. "Huyo aliyepanda ngazi. Uvivu."

"Na usipoutoa?"

"Wataniona mimi."

"Meneja je?"

"Aliniambia kwa simu. Simu haina karatasi."

Nikafikiri kama ninavyofikiri mtu akiniletea mzigo. Nikamwambia: "Sikiliza. Ule waya ndio mali pekee uliyonayo duniani leo. Usiutoe. Wao wanahitaji mtu akubali kosa, ili jambo liishe, bima isonge mbele, kiwanda kiwashwe. Huyo mtu ni wewe, na wanachohitaji kwako ni saini. Wewe unahitaji neno moja lisiandikwe. Basi hapo pana biashara. Lakini waandike wao kwanza. Wasaini wao kwanza. Upewe nakala, uisome, uikunje, uitie mfukoni. Ndipo utoe kalamu. Kabla ya hapo kalamu huijui, hujawahi kuiona. Wakikuambia tutaona, waambie nami nitaona."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Nirudie."

Akanirudia neno kwa neno, kama mtoto wa shule. Waandike kwanza. Wasaini kwanza. Nakala mfukoni. Nilimwona ameelewa. Mtu aliyekariri njia ya kila waya katika kiwanda kile atashindwaje kukariri mambo matatu?

Alikwenda. Aliwaonyesha waya mwenyewe, akawaeleza yote, na ile simu ya meneja pia. Meneja alikuwepo, akasema hakumbuki simu ya namna hiyo. Yeye hupiga simu hamsini kwa siku. Wajumbe wakaandika. Mshale hakutoa kalamu. Walimwuliza mara mbili kama yuko tayari kuthibitisha maelezo yake, akasema atathibitisha akiona wao wameandika nini kuhusu marehemu. Mpaka hapo nilikuwa ninamsikiliza kwa furaha aliponisimulia. Nilisema moyoni, huyu amefuzu.

Kisha mwenyekiti wa tume akawatoa wengine nje. Alikuwa mzee mzee, mpole. Akammiminia maji glasini. Akasema, "Mwanangu, kumbe marehemu alikuwa shemeji yako. Hakuna aliyeniambia. Pole sana kwa msiba."

Tangu siku ile ya mvuke hakuna mtu mle kiwandani aliyempa pole. Walimkwepa. Mtu wa kwanza ndiye huyo, na alikuwa na fomu mkononi. Mshale alilia mpaka akashindwa kushika glasi. Mzee akamngoja. Akamwambia, "Lile neno usiwe na wasiwasi nalo. Sisi sote ni watu wazima. Tutalitazama." Akasogeza karatasi.

Akasaini.

Aliponieleza nilimtukana. Nilimtukana kwa dakika nzima. Nimeuza vitu vya kila namna, vizima na vibovu, lakini sijapata kuona kitu cha thamani hiyo kikienda kwa pole moja na glasi ya maji.

"Aliniita mwanangu," alisema.

"Mimi pia nitakuita mwanangu, nipe shati lako!"

Alilishika shati kana kwamba nilikuwa sitanii.

Ripoti ilitoka wiki ya tano. Kampuni ilimpelekea mjane nakala pamoja na barua ya nyumba. Yeye ni mtu wa cherehani, na ripoti ilikuwa imeandikwa kwa kile Kiswahili cha ofisini ambacho hata aliyesoma hukisoma mara mbili. Akatuma mtu amwite kaka yake aje amsomee. Mshale alikuwa amekwisha fukuzwa kazi, hiyo ikiwa siku ya tatu. Aliniomba nimpeleke kwa pikapu langu. Alisema miguu haimbebi. Nilikwenda kwa sababu nilihisi pia itahitajika gari.

Tulimkuta nje, barazani, amekaa kwenye kibao chake cha kushonea. Vyombo vilikuwa vimekwisha fungwa kwa shuka, vimepangwa ukutani. Mabinti walikuwa ndani. Hakumkaribisha, hakumfukuza. Akampa karatasi.

"Soma, kaka."

Akasoma. Alisoma kwa sauti ileile aliyokuwa akinisomea namba za geji, tambarare, hakuruka kitu. Kwamba fundi wa vipimo alibadilisha mfumo wa usalama bila idhini. Kwamba mwendeshaji wa zamu, licha ya kusikia kengele, alifanya uzembe kwa kutozima boila kwa mkono. Kwamba uongozi unashauriwa kuimarisha usimamizi. Basi. Ukurasa mmoja na nusu.

Matone ya maji kutoka bomba la jirani yalikuwa yanagonga ndoo. Mdogo mtu aliuliza, "Alijua habari ya huo waya?"

"Hakujua."

"Wewe ulikuja kula hapa kila Jumamosi."

"Ndiyo."

"Alipopanda kwenda kutazama, alikuwa anaamini nini?"

"Aliamini vipimio vyangu."

Mdogo wake akatikisa kichwa taratibu, kama anayepima kitambaa kwa mkono. "Na hapa chini pana saini yako. Uliweka kabla hawajaandika hili neno la uzembe, au baada?"

"Kabla, mdogo wangu. Waliniambia watalitazama."

Hakulia, hakupandisha sauti. Ningependelea angepiga kelele, maana makelele nayajua namna ya kuyashughulikia. Aliichukua karatasi, akaikunja, akaiweka ndani ya mkoba wenye sindano na nyuzi zake. Kisha akasimama, akanigeukia mimi, si yeye.

"Bwana Vyuma, gari lako linaweza kubeba kabati?"

"Linaweza, dada. Ila lishikwe pande mbili."

Mshale alikwisha inuka, amekunja mikono ya shati. Alikwenda kwenye kabati akainamia upande wa chini, ule mzito.

"Kaka," alisema mdogo wake, "wewe usishike kitu."

Akaachia. Nilimwita jirani wa ng'ambo, mtu wa kuuza mkaa, tukabeba kabati, kisha kitanda, kisha cherehani ambayo mjane aliishika mwenyewe hakutaka mtu aiguse. Mabinti walitoka na ndoo na magodoro, wakampita mjomba wao kana kwamba ni nguzo. Tulimaliza kupakia saa nane. Muda wote huo alikuwa amesimama palepale, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwenye viwiko, anatutazama.